Asili na Maana ya Neno "Gorila": Uhakiki wa Etimolojia Iliyozoeleka

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu asili ya neno gorila husema kwamba ni neno la Kiafrika lenye maana ya "mtu mwenye manyoya". Maelezo hayo yana kasoro mbili. Kwanza, hayataji lugha yoyote, na "Kiafrika" si lugha. Pili, yanachukua wasifu uliotolewa na msimulizi na kuugeuza kuwa maana ya neno lenyewe.

Ushahidi wa kale kabisa ni matini moja: taarifa ya Hanno wa Karthago, aliyesafiri katika pwani ya magharibi ya Afrika yapata karne ya 5 KK. Matini ya Kipuniki haipo tena; iliyosalia ni ya Kiyunani, katika hati ya mkono ya karne ya 9 BK. Inasimuliwa kwamba katika kisiwa kimoja wasafiri waliwakuta watu wa porini, wengi wao wanawake wenye nywele nyingi mwilini, ambao wakalimani waliwaita Gorillai. Wanaume walitorokea majabalini. Wanawake watatu walikamatwa, wakang'ata na kukwaruza, wakauawa na kuchunwa, na ngozi zao zikapelekwa Karthago.

Matini inawaita watu. Haisemi popote kwamba jina hilo lina maana ya nywele. Hapa Kiswahili kina la kutufunza: manyoya ni ya mnyama, ilhali mwili wa mwanadamu una malaika au vinyweleo. Anayefasiri kwa kuandika "manyoya" ameshakata shauri, kabla ya kutoa hoja yoyote, kwamba waliochunwa walikuwa wanyama. Huenda walikuwa wanyama. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa, wala halifai kupenyezwa katika fasili.

Wapo wanaolinganisha neno hili na góor la Kiwolofu na gorko la Kifulani, yote yenye maana ya "mwanamume". Ulinganifu huo unavutia, ila una udhaifu. Unategemea mfanano wa silabi moja, unatumia maumbo ya leo kueleza neno la zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na unalihusisha neno la uanaume na jina ambalo matini inawapa wanawake. Aidha, wakalimani wa Hanno walitoka kwa Walixitae, katika eneo ambalo leo ni Moroko. Neno lilipita katika vinywa vyao, likaingia Kipuniki, kisha Kiyunani. Katika kila hatua umbo lake liliweza kubadilika. Pliny Mkubwa naye, katika karne ya 1 BK, alizihusisha ngozi hizo na Wagorgoni wa visasili vya Kiyunani.

Jina lilihamia kwa mnyama tunayemjua leo mwaka 1847, pale Thomas Savage na Jeffries Wyman walipochapisha maelezo ya kisayansi yaliyotokana na mafuvu ya Gabon, wakamwita Troglodytes gorilla. Wampongwe, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na jina lao, na Savage mwenyewe alilinukuu kama Engé-ena. Hata hivyo, jina la kitabuni lilishinda jina lililokuwa hai midomoni mwa watu. Mwaka 1903 sokwe wa milima ya Virunga alipewa jina beringei, kwa heshima ya afisa Mjerumani aliyempiga risasi mwaka uliotangulia, ilhali Wanyarwanda humwita ingagi.

Kwa mwanaleksikografia wa Kiswahili, suala hili lina uzito. Gorila ni mkopo uliotoholewa vizuri: konsonanti iliyorudufiwa imepunguzwa, na neno limepokea upatanisho wa A-WA bila shida. Hakuna haja ya kulifukuza. Kinachohitajika ni kidahizo chenye ukweli: asili ya karibu ni jina la kisayansi la 1847; asili ya mbali ni matini ya Kiyunani; lugha chanzi haijathibitishwa. Kuandika "Kiafrika" katika nafasi hiyo ni kulipa bara zima sifa ya neno ambalo hakuna jamii yake iliyothibitishwa kulitumia, huku maneno ambayo jamii zake zinayatumia kweli yakiachwa nje ya kamusi.