Namna ya Kukikagua Kitenge cha Mwanamke wa Maniema

Atakaye kuihukumu nguo ya mwanamke wa Kasongo au Kabambare, miji ya Maniema huko Kongo, na afahamu kwanza kuwa atasimama mbele ya macho yaliyozoea kukagua. Kwani David Livingstone, alipozuiliwa na vidonda vya miguu huko Kabambare mwaka 1870, aliwaona wanawake wa Kimanyema waliosuka nywele zao zikatokeza kisogoni kama kikapu, katika nchi iliyofuma nguo zake yenyewe kwa nyuzi za mwale. Kisha misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ikaleta nguo za merikani na kaniki, zikipimwa kwa upande wa mikono minne, yaani yadi 2, na kwa doti ya yadi 4. Na hata leo, Kasongo ile iliyotekwa na majeshi ya kamanda wa Kibelgiji Dhanis mwezi wa Aprili 1893 ikiwa imekwisha badilika mno, kitenge kamili ni yadi 6, ambazo ni pande tatu za kipimo kile kile: mmoja wa blauzi, mmoja wa kujifunga, na mmoja wa kufunga juu yake.

Basi anza upande wa nyuma. Kitenge cha waksi hupigwa utomvu ulioyeyushwa pande zote mbili, kikatumbukizwa katika nili, na utomvu unapopasuka rangi hupenya nyufani, ikaacha mishipa myembamba. Kwa hiyo nyuma na mbele hulingana kwa ukolevu, na nyuma ikififia jua kuwa rangi ilichapwa upande mmoja tu. Hadhari, lakini, kwani waigizaji huichapa hata mishipa! Tazama ua moja, kisha tafuta ua mfano wake mbele zaidi: mishipa ikijirudia vile vile, ni ya mashine, ikitofautiana, hiyo ndiyo ithibati.

Halafu kifikiche kitambaa kwa nguvu, maana wanga hukipa kitambaa hafifu uzito wa uongo unaokwisha kwa kufuliwa mara moja, kisha kiinue mbele ya jua uone kama ni chembamba. Wamisri wa kale walitukuza kitani chembamba, na katika kaburi la malkia Nefertari, lililofunuliwa mwaka 1904, mikono yake yaonekana kupitia vazi jeupe lenye mikunjo. Kwetu wembamba huo ni aibu, lakini wao na sisi twaanza hukumu katika uzi kabla ya rangi.

Maandishi ya pindoni usiyaamini peke yake, kwani huigwa kwa urahisi kuliko yote.

Mwisho ni fundi. Ua lililokatwa na mshono bila kuunganishwa na nusu yake huharibu waksi bora kabisa; nami humstahi zaidi mama aliyevaa upande mmoja wa yadi 2 uliokolea, ukafungwa sawasawa hata ua likakaa katikati ya nyonga, kuliko aliyejitwika yadi 6 za rangi ya juu juu.