Anayepanga Barua za Mpakani

Lori la shaba kutoka Kongo linapoingia Nakonde, mpakani mwa Zambia na Tanzania, au kontena linapopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka, karatasi zake huwa zimeshatangulia kwa barua pepe. Ankara imetumwa na muuzaji, hati ya shehena imetoka kwa wakala wa meli, risiti ya malipo imetoka kwa mwenye mzigo, kibali kimetoka ofisi nyingine kabisa. Kila mmoja ameandika siku yake, kwa namna yake, na kichwa cha barua mara nyingi hakisemi chochote zaidi ya "Habari za kazi".

Oktoba 2019 Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Mipaka miwili ikawekwa pamoja. Barua hakuna aliyeziweka pamoja. Hizo bado zinamtegemea mtu aliyekaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya uwakala wa forodha, na dereva aliye kwenye foleni hamfahamu hata kwa sura.

Ninayemfahamu mimi ni dada mmoja mzaliwa wa Ikinga, wilayani Ileje. Wenzake wengi wanasoma barua kwenye simu, zikiteremka moja juu ya nyingine, na ya asubuhi ikishafunikwa ndiyo imepotea. Yeye anatumia Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani, programu ya bure ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Nimekaa pembeni yake nikamtazama akifungua akaunti ya mfanyakazi mpya, na nilichokiona ni ufundi kamili.

Programu ikishaandikiwa anwani na nenosiri hujaribu kubahatisha mipangilio yenyewe. Yeye haikubalii mpaka asome kila mstari. Barua zinazoingia: IMAP, poti 993. Zinazotoka: poti 587. Anakagua kwamba njia zote mbili zimefungwa kwa usimbaji, ndipo anaendelea. Kwa nini IMAP na si POP? POP, utaratibu wa zamani zaidi, huteremsha barua kwenye mashine moja, na isipozuiwa huzifuta kwenye seva. Kompyuta ikiibwa, barua zimeondoka nayo. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986, inaacha barua kwenye seva, na folda iliyotengenezwa mezani Tunduma inaonekana vilevile kwenye simu ya bosi aliye Mbeya. Akimaliza anajitumia barua yenye kiambatisho, kisha anaijibu. Mpaka majibu yarudi, kwake kazi haijaisha.

Folda zake ni chache kuliko nilivyotarajia. Juu kabisa zipo mbili tu, "Zinazoendelea" na "Zilizofungwa", na ndani yake kila shehena ina folda yake. Jina la folda linaanza na mwaka na mwezi, ili zijipange zenyewe, kisha namba ya kontena. Namba hiyo ndiyo mhimili wa mpango wote: herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo mtu akikosea kuandika, kosa kwa kawaida hujionyesha. Majina ya wateja yanafanana na yanaandikwa kwa tahajia tatu tofauti. Namba ya kontena haifanani na nyingine. Barua ikija bila namba hiyo, anapojibu anaiandika yeye kwenye kichwa, na tangu hapo mazungumzo yote yanaibeba.

Hapo vichujio, yaani kanuni zinazopeleka barua kwenye folda zake zenyewe, vinashika kazi. Programu inavisoma kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo vinavyohusu shehena moja moja viko juu, na vya jumla, kama matangazo ya makampuni ya meli, viko chini. Ofisi nyingi nilizoziona zina vichujio tele vilivyorundikwa bila mpangilio, kimoja kikiinyakua barua kabla ya mwenzake, halafu watu wanasema programu ni mbovu. Programu inafanya ilivyoagizwa.

Vibonyezo 1 hadi 5 huipa barua rangi. Amebadilisha majina ya rangi hizo yafuate kazi ya mpakani: nyekundu inasubiri malipo, ya chungwa inasubiri kibali, ya kijani iko tayari. Jambo likiisha anabonyeza 0 na rangi inatoka. Kikasha chake kikiwa na nyekundu moja, kila mtu ofisini anajua ni lori gani limekwama na kwa sababu gani.

Amezima pia ule mpangilio unaoonyesha jina la mtu peke yake. Anataka anwani nzima, kwa sababu matapeli wa ankara hujificha nyuma ya jina la mteja halali, wakibadilisha herufi moja ya anwani na namba ya akaunti ya benki. Mipangilio yote ya usalama ina maana, lakini huu ndio ningeuweka wa kwanza katika ofisi inayohamisha fedha za watu.

Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora nchi nzima. Mpango wa namna hii huonyesha faida yake siku kama hizo: barua zote zina nakala kwenye kompyuta, zinasomeka na kutafutwa bila mtandao, na majibu yaliyoandikwa yanaweza kusubiri mpaka njia ifunguke.

Lakini kipimo chenyewe nilikiona alipokwenda kwao Ikinga kwa msiba. Kijana aliyebaki ofisini alipigiwa simu na mteja wa Kitwe akiulizia orodha ya vifurushi. Akaandika tarakimu nne za kontena kwenye kisanduku cha kutafutia, akaipata, akaituma, na dada hakusumbuliwa msibani. Barua zinazopatikana na mwenyewe peke yake hazijapangwa, hata zikiwa na folda mia.

Wenye ofisi mnaoajiri vijana mpakani, waulizeni kama wanaweza kupanga barua, kama mnavyowauliza kuhusu ushuru na kodi. Asiyejua mpeni siku nzima ajifunze kwa anayejua. Na huyo anayejua mlipeni kama fundi.