Neno Moja "Mtandao", Maana Nne: Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano

Sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda tunategemea vitabu vya pande mbili. Cha Kenya humwambia mwanafunzi aandike tarakilishi. Cha Tanzania humwambia kompyuta. Nimewahi kuona mtahiniwa akipunguziwa alama kwa kuandika la pili, ilhali hakukosea. Kwa hiyo suala la istilahi si la wanaisimu peke yao. Makala haya yanapima istilahi chache kwa kigezo kimoja: je, neno linamsaidia mwanafunzi kukielewa kitu chenyewe?

Tuanze na zilizofaulu. Itifaki lilikuwapo tangu zamani kwa maana ya mapatano, na wanafunzi wetu hulikuta katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Kompyuta mbili nazo haziwezi kupeana data bila kanuni zilizokubaliwa: nani aanze, ujumbe ugawanywe vipi, kipande kikipotea kitumwe upya namna gani. Mwenye kuijua maana ya zamani amekwisha kufika nusu ya njia. Pakia na pakua pia ni maneno mazuri. Ni maneno ya shehena: anayepakua huteremsha mzigo kutoka chomboni uje kwake, anayepakia huupeleka chomboni. Mwelekeo wa data umo ndani ya kitenzi.

Kipanga njia linahitaji uangalizi. Kifaa hicho husoma anwani ya kila kipande cha data na kuchagua kipelekwe wapi, kwa hiyo maana imelengwa. Lakini kipanga ni ndege mla vifaranga, na mwanafunzi anayelikuta neno bila maelezo humwona ndege kwanza.

Mkongo lina shida ya kwetu hasa. Kebo za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zinafika Mombasa na Dar es Salaam, na sisi tusio na bahari huunganishwa kupitia nchi hizo. Tanzania huita kebo ya namna hii mkongo, na inao Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Darasani kwetu Mkongo ni mtu wa Kongo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini Tanzania imemkabidhi mgeni mawasiliano yake. Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Istilahi inayoeleweka pwani haina budi kufafanuliwa inapovuka mpaka.

Lawama yangu kubwa ni kwa neno tunalolipenda kuliko yote: mtandao. Kompyuta za maktaba zilizounganishwa ni mtandao. Intaneti ni mtandao. Kurasa tunazosoma ziko "mtandaoni". Hata kampuni ya simu: "Wewe uko mtandao gani?" Mtu akisema mtandao umekatika, hatujui kama aite fundi wa jengo au apigie kampuni.

Madhara yake yanaonekana kwenye historia. Barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili ilitumwa mwaka 1971. Itifaki zinazobeba intaneti zilianza kutumika rasmi katika ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Wavuti ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba vyote ni mtandao atauliza barua ilipitaje kabla mtandao haujabuniwa, nasi hatutakuwa na jibu, kwa sababu tumemnyima maneno ya kujibia.

Napendekeza idara ifuate utaratibu huu: mtandao kwa muunganiko wowote wa vifaa, intaneti kwa mtandao wa mitandao, wavuti kwa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, na kampuni ya simu iitwe kampuni ya simu. Katika usahihishaji, tarakilishi na kompyuta yapewe alama sawa. Mitaani watu waendelee kusema wapendavyo. Darasani, kila kitu kipate jina lake.

Walimu wenzangu wenye maoni tofauti wanakaribishwa kujibu katika toleo lijalo.