Shiti Moja, Vipande Vinane

Nilikwenda pale kununua zawadi ya harusi. Nia yangu ilikuwa dakika kumi: nichague, tupatane bei, niondoke. Nikajikuta nimekaa kwenye benchi la wachoraji, Oysterbay jirani na Morogoro Stores, tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, namtazama mzee mmoja akitia madoa mgongoni mwa chui.

Kila doa lilikuwa na mwendo wake. Brashi inachovywa, inapanguswa ukingoni mwa kopo, inagusa ubao, inainuka. Duara jeusi lisilofungwa vizuri, kisha jingine ubavuni mwake, na kadiri yalivyoshuka mguuni yakawa madogo. Hakupima. Hakutangulia na penseli. Nilihesabu hadi 90 nikapotea. Nikamuuliza, kwa ile adabu ya mtu anayejua kwamba anasumbua, "Mzee, huchoki na chui?" Hakuinua uso.

"Usiegemee meza, ndugu yangu," akasema.

Uchoraji ule una jina la mtu. Kwa wengi wetu tingatinga ni trekta, na nimewahi kumsikia mtalii akielezwa na dereva wa teksi, kwa uhakika kabisa, kwamba picha zinaitwa hivyo kwa sababu zinatengenezwa kwa wingi kama kwa mashine. Si kweli. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini, mama Mkristo na baba Mwislamu, na dini zote mbili akazibeba katika majina yake. Alipita njia waliyopita vijana wengi wa kusini enzi zile: akapanda kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akashuka Dar es Salaam kutafuta kazi za nyumbani kwa Wazungu. Uhuru ukaja, mabwana wakarudi kwao, naye akahangaika na vibarua vya hapa na pale. Alianza kuchora mwaka 1968. Alikuwa na miaka 36, umri ambao wengi wetu tumeshajiambia kwamba tulichokikosa ujanani kimekwenda na ujana.

Hakuwa na mwalimu wa sanaa wala duka la vifaa vya sanaa. Alichokuwa nacho ni mji unaojengwa. Akachukua hadibodi, zile mbao laini za kupigia dari, na rangi ya mafuta ya makopo, ile inayopakwa kwenye baiskeli na milango. Watu husimulia jambo hili kama hadithi ya umaskini: masikini, hakuwa na turubai. Mimi naliona kinyume chake. Nadhani zile mbao na yale makopo ndiyo yaliyomfundisha.

Anza na ubao. Picha zake nyingi ni mraba wa sentimita 60 hivi kila upande, yaani futi mbili. Shiti ya hadibodi huuzwa futi nne kwa nane. Ikate mraba wa futi mbili, unapata vipande vinane, hakibaki hata kijiti. Mtu anayenunua kwa fedha ya jasho hawezi kukata vinginevyo. Lakini mara tu ukikubali mraba, wanyama wote wa porini wanakuwa na shida. Twiga ni mrefu, mamba ni mrefu upande wa pili, na ndege mwenye mkia haenei. Basi inabidi wajikunje. Ndiyo maana mnyama wa Tingatinga mara nyingi amegeuza shingo anatazama nyuma, mkia umepanda juu ya mgongo, miguu imebana, kana kwamba ameitwa jina ghafla. Wasomi wameandika mengi kuhusu mkao ule. Mimi naona seremala na msumeno wake.

Kisha rangi. Aliyewahi kupaka geti la nyumbani kwake anaijua tabia yake. Ukiwahi kurudia mahali ambapo haijakauka, brashi inaburuta ngozi yote inaondoka nayo. Ukiizidisha, inatiririka na kuacha michirizi kama machozi. Haichanganyiki kwa upole pale ubaoni kama rangi za wachoraji wa Ulaya, wale wanaoweza kukaa na shavu la mwanamke wiki nzima wakilainisha kivuli. Yenyewe inataka uamue, uweke, uache. Kwa hiyo hakuna vivuli, hakuna umbali, hakuna jua linalotoka upande mmoja. Kuna rangi moja nyuma, imelala tambarare, na juu yake mnyama mwenye mpaka ulio wazi, na juu ya mnyama madoa, milia, nukta. Inakauka inang'aa kama mkebe mpya. Ilitengenezwa kuvumilia mvua na jua, na picha zile zinavumilia.

Na inataka usubiri. Hapo ndipo penye ufundi ambao mnunuzi haoni. Tabaka la nyuma linapakwa leo, linalala. Kesho mwili. Likikauka la pili, ndipo madoa. Wakati wa masika, hewa ya Dar es Salaam ikiwa nzito kama shuka iliyoanikwa usiku, siku moja inakuwa mbili. Vumbi linatua, mbu wananasa. Mchoraji hawezi kukaa bure akiutazama ubao ukikauka, kwa hiyo anakuwa na mbao tano, sita, kila moja katika hatua yake, kama mama ntilie mwenye masufuria: hili linatokota, hili linapoa, hili bado linasubiri chumvi. Mzee niliyemtazama alikuwa na chui mmoja mapajani, tembo wawili wasio na macho wameegemea ukuta, na mraba wa buluu mtupu ambao hata yeye, nadhani, alikuwa bado hajajua utakuwa nani.

Tingatinga mwenyewe alifanya yote haya baada ya kazi. Alipata ajira hospitali ya Muhimbili, na uchoraji ukaingia kwenye saa zilizobaki, nyumbani Msasani, ndugu na jamaa wa kutoka kusini wakiwa wamejaa. Mkewe, Agatha, aliziuza picha pale nje ya Morogoro Stores, ambako wageni wa Oysterbay walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Huwa najaribu kupiga picha akilini: mtu anatoka zamu, anakula, anakaa chini, anafungua kopo. Hakuna anayemsubiri isipokuwa chui wa jana ambaye ameshakauka. Vijana waliomzunguka wakapewa kazi ndogo kwanza, kujaza rangi ya nyuma, kisha kubwa zaidi, wakajifunza kama mtu anavyojifunza kusuka ukili kwa bibi yake, kwa kukaa karibu na mkono unaofanya kazi. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata: hawa ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza.

Nakiri kwamba si kila kitu kinachoning'inizwa leo kwa jina lile kinanipendeza. Zipo picha ambazo Serengeti nzima imebanwa kwenye kipande kimoja, pundamilia juu ya kiboko, kiboko juu ya korongo, hapana pa kupumulia. Picha za mwanzoni zilikuwa na mnyama mmoja, mara nyingi mmoja tu, amejaza uwanja, na chini herufi kubwa zilizoandikwa kwa utulivu: E.S. TINGATINGA. (Sahihi hiyo nayo imeigwa mno, hata mtu mwenye pesa zake anahitaji kuwa na wasiwasi.) Ninapoitazama moja ya zile za kale, hata kwenye kitabu, kinachonishika ni ukimya wake. Yule mnyama hachezi ngoma kwa ajili ya mgeni.

Ila lile neno "picha za watalii", linalosemwa kwa midomo iliyopinda, silikubali. Wanaolisema hukasirishwa hasa na marudio: chui yule yule, tembo yule yule, kila siku. Hivi tumesahau tunatoka wapi? Kanga ina pindo, mji na jina, na miaka nenda rudi hakuna mwanamke aliyelalamika kwamba mpango ni ule ule; anatafuta iliyo nzuri kuliko ya jirani. Na marudio si ya wasiosoma peke yao. Sam Ntiro, mwana wa Machame, alisomea sanaa Makerere, kisha Slade kule London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wake Uingereza. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo Museum of Modern Art ya New York. Na mtu huyu msomi, aliyekula meza moja na wakubwa, alichora nini maisha yake yote? Migomba, masoko, mavuno, watu wa mlimani wakifanya kazi kwa pamoja. Alirudia na kurudia. Mmoja alikuwa na mlima wake, mwingine chui wake, na sioni kwa nini wa kwanza aitwe mwaminifu na wa pili aitwe mchuuzi.

Mwenye chui alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi usiku, Dar es Salaam, akiwa ndani ya gari, wakimdhania jambazi. Alikuwa na miaka 40. Waliobaki wangeweza kutawanyika, na ingekuwa halali yao. Wakaendelea kukaa chini ya mti pale pale Morogoro Stores, wakichora na kufundishana, hadi wakawa chama cha ushirika.

Adhana ilipomalizika mzee aliweka brashi nene kwenye tina, akachukua ile nyembamba iliyokatwa ikabaki nywele chache. Nikajua tumefika kwenye uso. Akavuta sharubu, tatu kulia, tatu kushoto, kila moja kwa pumzi moja. Nami nikajikuta nimezuia yangu. Jicho lilikuwa duara la njano lisilotazama popote. Akaweka nyeusi katikati. Akangoja, akazungumza na kijana wake kuhusu mtu aliyechukua mbao kwa mkopo na hajarudi, akacheka kidogo. Kisha, bila kuonya, nukta moja nyeupe, pembeni. Chui akaniona.

"Namchukua huyu," nikasema.

"Hujamchukua. Rudi kesho alasiri. Ukimbeba leo utaondoka na alama za vidole."

Niliporudi kesho yake nilimkuta ameegemezwa ukutani, amekauka, anang'aa. Nilipomgeuza kwenye mwanga niliona kwamba usiku ule mbu alikuwa ametua karibu na mkia akanasa. Mzee akamwona pia. Akaikwangua rangi kidogo kwa ukucha, akaona atauharibu ubao, akaacha, na kwa haki akanipunguzia bei.

Maharusi niliwanunulia seti ya sufuria. Chui yuko sebuleni kwangu, na wageni wanaposogea karibu hawajui kwamba doa moja, la mwisho kabla ya mkia, lina miguu sita.