Ihsani Ndogo katika Riwaya ya Bujumbura

Methali yasema, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Walimu tumeiandika ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wameitungia insha nyingi zaidi. Ni nadra, hata hivyo, tujiulize kama kwenda zake kwa mtenda ndiko kukamilika kwa wema wenyewe. Riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays, iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka huo huo, yatupa nafasi ya kuipima methali hiyo.

Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, akahamia Ufaransa mwaka 1995. Msimulizi wake, Gabriel, ni mtoto wa nasaba kama hiyo, akaaye katika njia isiyotokea ya mtaa wa Kinanira. Hadithi yaanza katika raha za utotoni, yapita uchaguzi wa Juni 1993 na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba mwaka huo, hata ikafika maangamizi ya Rwanda ya mwaka 1994. Juu ya mambo hayo makuu wahakiki wameandika mengi. Hapa tutazame madogo.

Katika njia hiyo akaa mama mmoja mzee wa Kigiriki, Bi Economopoulos. Kwa watoto yeye ni jirani kwa ukuta tu, si kwa mazoea: huchuma maembe ya bustani yake bila ruhusa, kisha humwuzia yeye mwenyewe. Baadaye mama huyu amwazima Gabriel kitabu, kisha kingine, na kingine tena. Ni tendo dogo lisilomgharimu sana. Lakini tuangalie namna anavyolitenda. Hampi mtoto kitabu akaenda zake. Amwuliza ameonaje, na kumsikiliza kama asikilizwavyo mtu mzima. Hapa riwaya yaongeza neno juu ya methali yetu: kutongoja shukrani ni adabu, lakini kumngoja mtu mwenyewe, azungumze, ni wema wa pili ulio mkubwa kuliko wa kwanza.

Kinyume chake ni kisa cha baisikeli. Baisikeli ya Gabriel yaibwa, yauzwa mkono kwa mkono, mpaka yaangukia kwa mkulima maskini aliyemnunulia mwanawe bila kujua kuwa ni ya wizi. Gabriel na wenziwe wanaifuata na kuichukua. Haki ni yake. Hakuna hakimu angemlaumu. Ni Donatien, Mzaire aliyeajiriwa na baba yake, anayemwonyesha kuwa mtoto yule hatapata nyingine, na aibu yamwingia. Kwa maoni yangu, hizi ni miongoni mwa kurasa bora za kitabu, kwa sababu zatufundisha ihsani kwa kutuonyesha mahali ilipokosekana. Mwanafunzi akiulizwa, "Je, wewe ungeiacha?", hatakuwa na jibu jepesi.

Tena kuna kilabu cha pombe, kabare kama wasemavyo wenyewe, ambamo watu huketi gizani na kusema bila kuonana nyuso. Katika nchi ambayo watu walianza kupimana kwa umbo la pua, giza hilo ni ukarimu wa namna yake: kila mtu apewa nafasi ya kuwa sauti tu.

Je, wema huu uliokoa nini? Mwandishi hatudanganyi. Mtoto yule yule aliyelelewa na vitabu vya jirani alazimishwa na kundi la vijana kutupa moto katika gari lenye mtu ndani, naye autupa. Vitabu havikuuzuia mkono wake. Wanaofundisha kwamba kusoma humfanya mtu kuwa mwema wasiruke ukurasa huu.

Kasoro ya riwaya ni kwamba jicho lake ni la mtoto wa Kinanira, mtaa wa wenye nafasi. Wema aghalabu washuka kutoka kwa mwenye nacho. Ule wa watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, wa kugawana maji, mkeka na neno la "pole" na mpita njia, haukupata nafasi ya kutosha. Kazi hiyo yawangoja waandishi wa Kiswahili.

Hata hivyo kitabu chamalizika kwa haki. Baada ya miaka ishirini hivi, Gabriel arudi Bujumbura: Bi Economopoulos amefariki, naye amemwachia vitabu vyake. Vita vilichukua nyumba, marafiki na jamaa; kilichobaki ni kile kilichoanza kwa kuazimwa. Walimu wa madarasa ya juu wanaojua Kifaransa wawasimulie wanafunzi visa hivi viwili, kitabu na baisikeli, kisha waiandike tena ile methali ubaoni, na kuwaacha wabishane.