Mashairi ya Kifungoni na Utetezi wa Haki: Kuhusu Usomaji wa Sauti ya Dhiki

Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, imekwisha kuhakikiwa mara nyingi, na aghalabu kwa njia mbili zisizosalimiana. Wahakiki wa njia ya kwanza huhesabu mizani, wakavisifu vina na ukale wa lahaja ya Kimvita, kisha wakafunga kitabu. Wa njia ya pili hulichukua kila shairi kuwa hati ya ushahidi dhidi ya serikali iliyomfunga mtunzi, wakalinyofoa neno hapa na neno pale ili kuthibitisha dhuluma iliyotendwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia zote mbili zimeyapunguza mashairi hayo, na kwamba hasara yake haiishii katika uhakiki peke yake. Inawagusa pia wale waliofanya kazi ya kuitetea haki ya wafungwa wa Kenya mbele ya ulimwengu, na inamgusa mwanafunzi anayeisoma diwani hii leo mahali kama Kakamega, mbali na Mvita.

Yafaa historia yake ikumbukwe kwa ufupi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Agosti 1968, karatasi za wagombea wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa karibu kila mahali, na wa KANU wakapita bila kupingwa. Baadaye mwaka huo huo ukatolewa waraka uliouliza swali kwa jina lake tu: Kenya: Twendapi? Abdilatif, kijana wa miaka ishirini na miwili, alishitakiwa kwa uchochezi. Hukumu ya kwanza ilikuwa miezi 18. Serikali ikakata rufaa, na kifungo kikafanywa miaka 3. Mashairi yaliandikwa gerezani kwa siri, juu ya karatasi za msalani, na kwa siri yakatolewa nje. Mtunzi alifunguliwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata diwani ilichapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi, ikiwa na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, na mwaka 1974 ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Jambo hilo la tuzo halijapewa uzito unaostahili. Mtu alifungwa na serikali ya Kenyatta kwa maneno aliyoyaandika, kisha akatuzwa kwa jina la Kenyatta kwa maneno aliyoyaandika akiwa ndani ya kifungo hicho hicho. Wengi wamelitaja kuwa ni kichekesho cha historia, wakapita. Lakini huenda halikuwa la ajabu hata kidogo. Ufundi wa shairi ulikwisha kutengwa na shitaka lake na wasomaji wenyewe. Msomaji aliyezoezwa kuuliza tu kama bahari imejaa vina aliweza kuisifu sauti bila kuisikia dhiki, na serikali haikuwa na haja ya kuiogopa diwani iliyosomwa hivyo. Waraka wa kurasa chache ulimfunga mtu; kitabu kizima kilimpatia tuzo. Tofauti haikuwa katika ukali wa maneno, maana kitabu ni kikali kuliko waraka. Ilikuwa katika namna ya kusomwa.

Na yatazamwe basi mashairi yenyewe. Katika "Mamba" kuna mnyama anayetamba mtoni kwa nguvu zake, asiyewaza kuwa naye ana mwisho. Katika "Jipu" kuna uvimbe unaozidi kuuma kadiri unavyoiva, na mgonjwa anayejua kwamba maumivu hayo ndiyo dalili ya kutumbuka. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano juu ya mti mmoja, baina ya aliyekwisha kuupanda na asiyekubali kuwa kuupanda ni kuumiliki. Mafumbo haya si magumu. Hata bawabu wa gereza, kama angelipewa karatasi asome, angelifahamu mamba ni nani. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama isemwavyo mara kwa mara, kwamba fumbo lilitumiwa ili kuuficha ujumbe. Fumbo hapa lina kazi nyingine: linaliondoa shauri mikononi mwa mtawala mmoja aliyekuwako mwaka 1969 na kulifanya kuwa shauri la kila mwenye nguvu na kila aliyedhulumiwa. Mamba hana jina, na kwa sababu hiyo hakufa pamoja na serikali ile.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya shairi na utetezi wa haki wa kimataifa. Utetezi huo hauwezi kwenda bila majina. Tangu shirika la Amnesty International lilipoanzishwa London mwaka 1961, nguzo ya kazi yake imekuwa barua iandikwayo kwa ajili ya mtu fulani, mwenye jina, gereza na tarehe ya kukamatwa. (Kiswahili kimempa mtu huyo jina la "mfungwa wa dhamiri", na si vibaya wahakiki wa fasihi, ambao kila siku wanatafuta "dhamira" katika vitabu, wakumbuke kuwa mzizi ni mmoja.) Abdilatif mwenyewe aliijua kazi ya aina hiyo kwa mikono yake. Baada ya miaka kadhaa katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, alikwenda London mwaka 1979 kutangaza katika BBC. Mwaka 1982, serikali ya Moi ilipowatia kizuizini walimu wa vyuo vikuu na mawakili, iliundwa huko kamati ya kudai kufunguliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, naye akawa miongoni mwa watendaji wake, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na John La Rose. Taarifa za kamati hiyo zilikuwa orodha za watu na mambo waliyotendewa, na lugha yake aghalabu ilikuwa Kiingereza, kwa kuwa waliokusudiwa walikuwa wabunge, magazeti na vyama vya wafanyakazi vya Ulaya. Mwaka 1987 Amnesty ilitoa ripoti yake juu ya mateso, kizuizini na mashitaka yasiyo ya haki nchini Kenya. Hapana shaka kazi hizo ziliibana serikali ile, na hakuna shairi ambalo lingeweza kuifanya kazi hiyo mahali pake.

Lakini orodha ina tabia yake. Ili mfungwa atetewe ng'ambo, humlazimu kuwa mnyonge. Msomaji wa Stockholm huguswa na aliyeteswa, si na aliyekataa. Sasa mfungwa wa Sauti ya Dhiki si mnyonge. Jina la shairi moja ni "Siwati". Mwenye Kiswahili sanifu angesema "siachi", lakini t ya Kimvita haina ulaini wa ch, na neno linamalizika kama mlango uliokomewa kwa ndani. Jingine ni "N'shishiyelo ni Lilo". Mara nyingi jina hili hufafanuliwa kuwa "nililolishika ni lile lile", na ufafanuzi huo umekosa jambo kubwa. Kiishio cha -iye katika kitenzi hicho ni cha kale katika jamii ya lugha za Kibantu, nacho hakisemi kwamba tendo lilipita. Kinasema kwamba lilitimia na hali yake ingalipo. Mshairi hakusema kuwa alilishika zamani neno la kweli. Anasema amelishika na mkono haujafunguka. Wakati wa "-li-" unamfanya kuwa mtu anayekumbuka msimamo wake. "-Iye" inamwacha akiwa bado ndani ya seli, na bado ameshika. Kwa mfungwa anayetakiwa ajute ndipo apunguziwe, tofauti ya viambishi viwili si jambo la sarufi peke yake.

Kwa ajili hiyo dai la kwamba lahaja ni pambo katika diwani hii halina msingi. Hata "Kuno Kunena", ambalo kwa kulisikiliza tu laweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa sauti, linauliza kwa nini kunena kumemfikisha mtu huku aliko, na kurudia kwake kwa ku- na -no kunamzungusha msomaji ndani ya chumba kisicho na pa kutokea. Isisemwe, hata hivyo, kwamba diwani nzima ina nguvu hiyo. Yako mashairi ya mawaidha ambayo yangaliweza kutungwa na malenga yeyote hodari wa Mombasa aliyelala kwake, na mhakiki anayeyasifu yote kwa kuwa yametoka Kamiti anaifanyia diwani hisani isiyohitajiwa.

Chembe cha Moyo (1988) ya Alamin Mazrui, aliyekuwa mmoja wa waliozuiliwa mwaka 1982, yafaa isomwe sambamba. Mazrui ni wa Mombasa vile vile, lakini mashairi yake mengi yameachana na kanuni za zamani. Katika ugomvi uliokuwa ukiendelea juu ya shairi huru, tofauti hiyo ilichukuliwa kuwa suala la mila na usasa. Linganisho lenye faida zaidi ni la sheria. Abdilatif alisomewa shitaka, akahukumiwa, akajua siku ya kutoka. Mashairi yake yana mshitaki, mshitakiwa na hoja, na umbo lililofungwa linaisaidia hoja. Aliyewekwa kizuizini bila mashitaka hana wa kubishana naye wala hajui ukomo, na mstari unaokatika kabla ya kutimia unaifuata hali hiyo. Haya ni maoni tu, na yanahitaji kuchunguzwa shairi kwa shairi.

Kakamega inaingia katika habari hii kwa mlango wa Butere, ambayo mwaka 1975 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega. Oktoba mwaka huo mbunge wake, Martin Shikuku, alikamatwa katika majengo ya Bunge pamoja na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, siku chache baada ya Shikuku kusema Bungeni kwamba KANU imeuawa na Seroney kuamua kuwa jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Walikaa kizuizini bila mashitaka hadi Desemba 1978. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu Sauti ya Dhiki ipate tuzo, na mwaka mmoja tangu Kenyatta aamuru Kiswahili kitumiwe Bungeni. Shikuku hakuacha diwani. Maneno yake yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo hakuna idara ya Kiswahili inayozisoma kama fasihi simulizi, ingawa usemaji wake ulikuwa na kejeli na methali za kutosha kumshughulisha mwanafunzi wa isimu kwa miaka.

Mwanafunzi wa Kakamega, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Luwanga, Lwisukha au Lukabarasi, hukutana na "n'shishiyelo" kama kizingiti. Mwalimu kwa kumhurumia humpa tafsiri ya Kiswahili sanifu, wakaendelea. Kwa njia hiyo mwanafunzi huyo hufundishwa kwamba mshairi alishika, na wala hafundishwi kwamba ameshika. Kitabu cha Chacha Nyaigotti-Chacha juu ya mshairi huyu, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1992, kiliyaita mashairi haya sauti ya utetezi, na jina hilo ni sahihi. Lakini utetezi huo umo katika kitenzi kabla haujawa katika maudhui. Ingekuwa na manufaa zaidi kama darasani vingewekwa vitu vitatu juu ya meza moja: shairi katika Kimvita chake, waraka wa Twendapi, na kurasa za kumbukumbu za Bunge za Oktoba 1975. Kosa la uchochezi lililomfunga mshairi lilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997, kwa hiyo hakuna mwalimu atakayeitwa polisi kwa kuufundisha waraka ule. Inashangaza kwamba hadi leo shairi linafundishwa bila huo waraka, kana kwamba marufuku ingalipo.