Kalafati wa Matondoni

Mashua ilipandishwa ufuoni na maji ya bamvua. Yalipotoka, ikabaki imelala ubavu hapa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Ni mali ya familia moja ya Kiwayu. Baba ni nahodha, nduguye ni baharia, vijana wawili huzamia kamba miambani. Wageni wakija, huwapeleka Manda Toto kutazama matumbawe, huwashusha Manda watembee hadi magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, kisha hungoja maji yajae ndipo wapite mkondo wa Mkanda, katikati ya mikoko, kwenda Pate na kwao. Maisha yao yamo ndani ya mbao hizi, na kinachozuia bahari isiingie ni pamba.

Mimi ni mtu wa Lucky Summer, Nairobi, ambako mafundi wa jua kali huchomelea mageti kando ya barabara na mteja husimama pale pale akingoja. Huku hakuna anayemsimamia fundi wa kalafati, anayeziba mianya ya mbao kwa pamba.

Hakuanza na nyundo. Alizunguka chombo kutoka omo hadi tezi, akipitisha kidole gumba kwenye kila mwanya, na palipolegea akatia alama ya chaki. Kijana anayejifunza kwake alikwangua mwani na magamba, halafu akapitisha mwenge wa makuti makavu chini ya mkuku, kuua wadudu wanaotoboa mbao. Moto ukikawia mahali pamoja, ubao huungua. Ukipita haraka, mdudu hubaki hai.

Kisha fundi akachokoa pamba kuukuu kwa kulabu. Iliyooza ilitoka nyeusi, akaitupa. Iliyo imara hakuigusa. Pamba mpya aliisokota juu ya paja, nyembamba kwa mahali mbao zinapobanana, nene kidogo penye nafasi, akaichovya katika mafuta ya nazi. Ndipo akashika chembeu, patasi butu isiyokata.

Aliitia pamba kwa vikunjo vidogo vidogo, kila kikunjo akikigonga pigo moja tu ili kishike. Alipofika mwisho wa ubao alirudi mwanzo, akaanza kuishindilia.

"Ami, yatosha?" kijana aliuliza.

"Bado. Sikiza."

Nikasikiliza nami. Pamba iliyolegea hutoa mlio mzito, wa kufifia. Iliyokaa sawasawa hulia kama ubao mzima. Mlio ulibadilika kwa pigo moja, na pigo hilo likawa la mwisho mahali hapo. Hapa ndipo ustadi ulipo. Mbao zikilowa huvimba na kuibana pamba. Iliyojazwa kupita kiasi itapanua mwanya na kulegeza misumari kwenye mataruma. Iliyopungua itang'olewa na mawimbi. Fundi hana kipimo kingine ila sikio na kifundo cha mkono.

Hata vichwa vya misumari havikusahauliwa: alivizungushia nyuzi za pamba, kimoja baada ya kingine, bila kuruka hata kile kilichofichika chini ya mkuku.

Kazi ya kupaka huja mwisho. Shahamu iliyoyeyushwa hukorogwa na chokaa, ikapakwa sehemu inayokaa majini, na juu yake mbao hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, yenye harufu isiyotoka nguoni upesi. Bamvua lijalo litaielesha mashua. Mwanzoni itavuja kidogo na nahodha atakumba maji ngamani, hadi mbao zivimbe zijifunge zenyewe.

Ukienda Lamu, usiishie mjini na Shela. Fika Matondoni maji yakiwa yametoka, ukae utazame. Na nahodha akikutajia nauli ya kwenda Kiwayu, mlipe bila kumkata bei, maana ndani yake mna pamba, mafuta na siku nyingi za fundi huyu.